Siku Kitanda Changu Kilipotolewa Nje

Watu wa kuhamisha vyombo walifika Matongo asubuhi wamevaa fulana za kijani na glavu mikononi. Glavu! Utadhani vyombo vyangu vina upele. Jirani yangu Mogesi alikuja mpaka uani kuwatazama, akaniuliza kama siku hizi nimekuwa mzungu, maana kwetu mtu akihama anaita majirani na mashemeji, anachinja mbuzi, vyombo vinabebwa kwa makelele na watu wanakula ugali. Nikamwambia amuulize Neema, mimi sikuita mtu.

Neema ni binti yangu. Ameolewa Kisaka, ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Miaka miwili mfululizo alikuwa ananisumbua nihame. Nyumba yenyewe ilikuwa imechoka kweli. Marehemu mume wangu aliijenga kwa matofali mabichi, mvua za masika zikaula ukuta wa mbele, ufa ukapanuka mpaka ukiwa kitandani unaona nani anapita barabarani. Neema na mumewe walinijengea kanyumba kazuri ka bati hukohuko Kisaka, shamba moja kutoka kwao. Kila akipiga simu, mimi nilikuwa na sababu. Mara mahindi hayajakauka, mara kuku wanaatamia, mara mguu unauma. Sababu ya kweli aliijua, na mimi nilijua kwamba anaijua.

Sababu ilikuwa Mniko. Mniko ni mdogo wake Neema, mwanangu wa kiume wa pekee. Aliondoka nyumbani kwenda kuchimba dhahabu Chunya baada ya mimi kuuza dume letu la ng'ombe apate pa kuanzia. Alipokuwa anaondoka alisimama pale mlangoni akaniambia, "Mama, sirudi mikono mitupu." Nami nikacheka, nikamwambia sawa, mura, kijana wangu, nenda. Mwaka wa kwanza alikuwa anapiga simu. Wa pili namba ikawa haipatikani. Huu ulikuwa wa sita. Wapo waliosema amefukiwa na kifusi, wapo waliosema ameoa hukohuko, na shemeji zangu walitaka tufanye matanga tumalize. Niliwafukuza na ufagio. Mniko nyumba ya mama yake anaijua, ni hii yenye ufa. Nikihamia Kisaka, siku akirudi atakuta popo na buibui, kisha ataenda zake. Hilo ndilo lililokuwa linanizuia.

Mwisho Neema aliacha kubembeleza. Akalipia kampuni kutoka Musoma, akanipa siku. "Mama, hao ni wageni kabisa," akaniambia. "Watabeba kila kitu, hata kitanda."

Hapo kwenye kitanda alinishika pabaya, kwa sababu kitanda ndicho nilichokuwa nimebakiza kama kisingizio. Kwa ukoo wetu kitanda cha mama hakiguswi na mwanawe wala mkwe wake. Afadhali kiliwe na mchwa. Tena hakitolewi nje ovyo. Kitanda cha mwanamke mwenye nyumba kikionekana uani mchana kweupe, anayepita barabarani haulizi: mwenyewe amekufa. Ukihama ungali hai, kitanda kinafunguliwa ndani kwa ndani, kinafungwa kwenye turubai, kinatoka mwisho kabisa kikiwa vipande vya mbao tu visivyo na jina.

Mkubwa wa wale watu alikuwa anaitwa Masanja, Msukuma mpole, mnene kidogo, ambaye ndiye pia aliyekuwa dereva. Nilimweleza habari ya kitanda mara mbili.

"Ondoa shaka, mayu," akasema, yaani mama kwa kwao. Kila kitu kwake kilikuwa ondoa shaka.

Wakaanza kazi. Kusema kweli walijua kufunga. Vikombe vyangu walivifunga kimoja kimoja kwa magazeti, kabati wakalizungushia plastiki, hata kinu wakakifunga. Mimi nilishindwa kukaa. Nilikaa kwenye kochi wakaja kulichukua. Nikahamia kwenye kigoda, nikainuka mwenyewe. Nikaenda barabarani kutazama upande wa Nyamongo, penye soko letu, nikarudi. Nikawaendea vijana wa bodaboda pale njia panda nikawaambia kwa mara ya nne kwamba akija kijana mrefu mwenye kovu hapa kwenye nyusi, wamwambie mama yake yuko Kisaka kwa Neema. "Tumesikia, mama Mniko," wakasema, na mmoja akatazama pembeni kama mtu anayemhurumia kichaa. Nilimuona. Nikarudi nyumbani, nikatoka tena.

Mwishowe nikaenda nyuma ya nyumba, penye kaburi la mume wangu, kumuaga. Nilikuwa na mengi ya kumwambia na mengine yalikuwa ya kumlaumu, kwa hiyo nilichelewa. Halafu kuku mmoja jike, yule mwekundu mkaidi, akawa hajaingia kwenye tenga. Nikamkimbiza kwenye migomba mpaka pumzi ikaniishia.

Nikiwa hukohuko nikasikia kilio.

Hakikuwa kilio cha mtoto aliyeanguka. Kilikuwa kile kilio chetu kirefu, kinachopandishwa juu kikaachwa hapo, na aliyekitoa alikuwa Mogesi. Kikajibiwa kutoka nyumba ya pili, kikajibiwa kutoka ng'ambo ya kijito. Nikajua ni habari za Mniko, zimefika. Nikakimbia kuzunguka nyumba, kuku kwapani.

Kitanda changu kilikuwa katikati ya uwanja. Kizima, miguu yote minne, godoro juu, mto mahali pake. Na juu ya yote hayo walikuwa wametandika shuka jeupe. Baadaye Masanja alinieleza kwamba mmoja wa vijana wake, Emanuel, aliona chumbani hapatoshi kukifungulia, akakitoa nje apate nafasi, kisha kwa uangalifu wa kampuni akakifunika shuka kisiingie vumbi. Mto na blanketi langu kuukuu alivikunjia chini ya hilo shuka, vikajaa katikati. Kutoka barabarani, wewe mwenyewe ungelia.

Mogesi alikuwa amepiga magoti ameshika kichwa. Aliponiona alinyamaza katikati ya kilio, akaegemea nyuma, akakaa chini mzima mzima.

"Mokami," akaniita kwa jina. "Kwani wewe uko wapi?"

"Niko hapa na kuku, unalia nini?"

Akakinyooshea kitanda kidole. Hapo nikaelewa, na hasira zilizonipanda sijawahi kuziona. Nilimfuata Masanja kwenye lori nikamwita majina ya Kikurya ambayo namshukuru Mungu hakuyaelewa. Yeye na vijana wake walisimama na glavu zao, wanatazamana.

"Mayu, tusamehe," akasema. "Tunakipandisha sasa hivi. Kwani kuna shida gani?"

"Umeniua!" nikamwambia. "Hiyo ndiyo shida. Umeniua nikiwa nakimbiza kuku."

Wanawake walikwishaanza kuingia, wengine na unga wa msiba kichwani. Bodaboda mbili zilikuwa zimepita, Mogesi akasema, na wenye bodaboda walisimama, wakavua kofia, wakatoa simu. Dakika chache tu, na habari ilikuwa imetangulia Nyamongo. Simu ya Mogesi ikaita hapohapo. Mtu wa sokoni alikuwa anauliza kama ni kweli mama Mniko amefariki alfajiri kwa presha. Alfajiri! Kwa presha! Wakati huo mimi nilikuwa nawapikia uji hao walioniua.

Mogesi akafunika simu kwa kiganja. "Nimwambie nini?"

Nikafungua mdomo niseme mwambie ni uongo. Nikaufunga. Nilikuwa natazama ile simu na kuwaza inakofika. Kama habari yangu imefika sokoni, itafika kwenye maduka, itafika kwa wasaga mawe ya dhahabu, itapanda magari ya Sirari na ya Mwanza. Habari ya kwamba mama anakusalimu mtu anaweza kuisikia akaiweka mfukoni. Habari ya kwamba mama amekufa haiwekwi mfukoni. Kama Mniko yuko juu ya ardhi hii, popote, na mtu mmoja anamjua, atasikia.

"Mwambie ndiyo," nikasema.

"Mokami!"

"Mwambie ndiyo. Mwambie mazishi ni leo jioni, hayasubiri. Halafu lia."

Mogesi ni rafiki yangu tangu tulipoletwa hapa kama wake, sote wawili hatujajua hata kisima kiko wapi. Alinitazama sana. Kisha akarudisha simu sikioni, na machozi aliyoyatoa mle sijui aliyatoa wapi, maana mimi mwenyewe yalinitisha.

Nilimpigia Neema kwanza, asije akafa yeye kweli. "Ukisikia nimekufa, si kweli," nikamwambia. "Nimekufa kidogo tu, kwa ajili ya Mniko." Akaanza kupiga kelele kwenye simu, nikaikata. Wale wanawake wenye unga niliwaeleza kwa haraka. Wawili walikasirika wakaondoka na unga wao, wakisema kujitangazia kifo ni kukialika. Waliobaki walikaa chini ya ukuta. Sijui kama walinionea huruma au walitaka kuona mwisho wake.

Masanja ndiye aliyekuwa na taabu. "Mayu, hii ni kampuni," akawa ananiambia kwa sauti ya chini. "Tuna gari, tuna muda. Mvua ikinyesha barabara ya Kisaka haipitiki. Na watu watasema tumeenda kuhamisha mtu akafia mikononi mwetu."

"Ondoa shaka," nikamwambia.

Nikaingia ndani ya nyumba tupu, nikasimama kwenye ufa. Kukaa nisingeweza, na hata kama ningeweza hapakuwa na cha kukalia. Nje Mogesi alikuwa analia, ananyamaza anakunywa maji, analia tena. Watu walikuja. Alikuja mchungaji, Mogesi akamvuta pembeni, akaondoka anatikisa kichwa. Alikuja shemeji yangu Stanslaus, ambaye hatujasalimiana tangu habari ya matanga, akasimama mbele ya kitanda akajifuta macho kwa mkono wa shati. Hilo lilinichoma kidogo. Kila pikipiki iliyolia nilibandika jicho kwenye ufa, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Jua likapinda. Nikaanza kujiona mjinga. Nikawaza kwamba labda yale ya kifusi yalikuwa kweli, na kwamba sasa nimejiua bure mbele ya kijiji kizima, na kesho nitakuwa kichekesho mpaka Serengeti.

Wingu jeusi lilikuwa limeshatanda upande wa mtoni, na Masanja ameshawasha gari kunitisha, bodaboda moja ilipoingia kwa kasi mpaka uani. Aliyekuwa nyuma aliruka kabla haijasimama.

Alikuwa amekonda. Nguo zake zilikuwa za vumbi la mawe, jeupe mpaka kwenye nywele. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda na kufika hatua moja akajizuia. Mikono aliinyoosha, akairudisha. Hata hapo, hata akiamini nimo, hakukigusa. Akapiga magoti kwenye udongo na kile alichokuwa amekibeba kifuani kikaanguka, blanketi jipya, bado limo kwenye mfuko wake wa plastiki.

"Mama," akasema. Akasema tena. Halafu akasema kwa kilio kwamba alikuwa anakuja, kwamba kidogo tu, kwamba alikuwa karibu.

Nilikuwa nimepanga maneno. Miaka sita unapanga maneno. Nilipotoka mlangoni sikuwa nalo hata moja. Watu wote wakanyamaza, Mogesi naye akanyamaza, na ule ukimya ndio uliomfanya ainue kichwa. Akaniona. Kisha mwanangu, kwa adabu niliyomfundisha mwenyewe, akasema, "Shikamoo, mama."

Nikampiga kofi.

Watu waliguna. Mwanamume aliyetahiriwa hapigwi na mama yake, na mimi sheria hiyo naijua kuliko wao. Nikampiga la pili. Halafu nikamshika kichwa kile chenye vumbi nikakibana tumboni kwangu mpaka akakosa pumzi, na hapo ndipo nililia, kwa sauti kubwa kuliko ya Mogesi.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

Akajifuta vumbi usoni kwa kiganja.

"Mniko, nakuuliza, umetoka wapi saa hizi?"

"Nyamongo," akasema. "Kwenye mashine za kusaga mawe."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Kabla ya hapo Chunya."

Nyamongo. Kutoka kwangu unakwenda kwa miguu, unanunua chumvi, unarudi maji ya ugali hayajachemka. Mwaka mzima nilikuwa nauliza watu wa Geita, watu wa Kahama, watu wa Kenya. Nikamsukuma nimtazame usoni.

"Na hapa? Hapa hukuwahi kupita?"

"Nilikuwa napita," akasema, ameinamisha macho. "Na bodaboda. Navaa kofia. Siku moja nilikuona unaanua mahindi. Mama, ningeingia na nini? Nilisema sirudi mikono mitupu."

Naapa kama nisingekuwa nimekwishampiga ningempiga upya. Nikaokota lile blanketi. Lilikuwa zuri, zito, la rangi ya damu ya mzee, na bei yake kwa msaga mawe naijua.

"Hili?"

"La kukuzikia."

"Kwa hiyo nikiwa hai unanipita na kofia, nikifa ndiyo unaniletea blanketi."

Nikaichana ile plastiki, nikalitoa blanketi, nikajifunika mabegani palepale, na joto lote lile la kabla ya mvua. Jasho likanitoka. Sikulivua.

Masanja na vijana wake walipata nafasi yao. Walikifungua kitanda kwa dakika chache wakakipandisha, Mniko akiwa amegeuka upande wa migomba asione. Kisha akabeba yaliyobaki, tenga la kuku na ndoo na kinu, bila kuambiwa. Nilimwambia apande gari.

"Mama, tangulia," akasema. "Nikachukue vitu vyangu Nyamongo. Nipate hata hela kidogo, nisiingie kwa shemeji hivi nilivyo. Kesho nakuja. Au nisubirini hapa kidogo."

Alisema kwa macho makavu, na nadhani aliamini anachosema. Pale mlangoni, mwaka ule, pia aliamini.

"Mimi sisubiri tena," nikamwambia. "Nimemaliza. Umekuja kunizika hivyohivyo ulivyo, na vumbi lako. Basi hamia na mimi hivyohivyo ulivyo. Ukienda Nyamongo, siku nyingine ukisikia nimekufa itakuwa kweli, na mimi sitatoka mlangoni."

Matone ya kwanza yakaanza kuanguka. Alitazama barabara ya Nyamongo, akatazama watu wa kijiji waliokuwa wanamtazama nguo zake. Halafu akashika ubavu wa lori akapanda, akaingia nyuma kabisa chini ya turubai, katikati ya makochi na kabati, mbali na zile mbao.

Mimi nilikaa mbele na Masanja. Gari lilipoondoka sikumuaga hata Mogesi sawasawa, nilikuwa nimegeukia nyuma. Kile kidirisha cha nyuma kilikuwa kimezibwa na godoro. Nikagonga bati kwa ngumi. Nikasikia amegonga kutoka huko. Tukapita njia panda, nikagonga, akagonga. Kwenye mteremko nikagonga tena. Masanja alinitazama, kisha akarudisha macho barabarani.

Tulipovuka daraja la Mto Mara mvua ilikuwa imekolea. Nikagonga. Kimya. Nikagonga kwa nguvu, nikagonga kwa kiatu. Kimya.

"Simamisha gari."

"Mayu, kwenye tope hili tukisimama hatu—"

"Simamisha, nakwambia!"

Nilishuka na blanketi langu, mvua ikanipiga, tope likanifika kwenye vifundo. Nikazunguka nyuma, nikafunua turubai kwa mikono miwili. Nilikuwa na hakika nitakuta makochi na kuku tu.

Alikuwa amelala. Amejikunja kati ya kabati na magunia ya mahindi, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya tenga la kuku, analala usingizi wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa miaka. Mama mwingine angemfunika akarudi polepole. Mimi nilimshika mguu nikamtikisa mpaka akaamka ameshtuka, hajui yuko wapi.

"Nikigonga, uitike," nikamwambia.

Alinitazama nilivyolowa. "Naam, mama," akasema.

Nikarudi mbele, nikafunga mlango. Gari halijamaliza hata kushika mwendo nikagonga.